Jina la Mtu si Mstari wa Excel

Mwaka jana nilimtakia marehemu heri ya siku ya kuzaliwa.

Sitanii. Ilikuwa Jumanne asubuhi mwezi wa nane, niko kwa kibanda cha chai hapa Section 58, andazi mkononi, najiona mjanja wa mji. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemaliza kazi ya sacco moja ya hapa Nakuru: kadi 412 za siku ya kuzaliwa, moja kwa kila mwanachama. Kila kadi na jina, picha, mwaka aliojiunga na rangi za sacco. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kadi ya mwenye siku yake inaenda kwa ukurasa wa Facebook wa sacco, na kwa WhatsApp yake mwenyewe. Mwaka mzima umepangwa. Mimi nakunywa chai.

Simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya msichana wa rika langu hivi. Akauliza kama ni mimi nilitengeneza zile kadi, juu pale chini kwenye kona nilikuwa nimeweka jina la ukurasa wangu na namba. Nikasema ndio, tena kwa furaha, nikidhani nimepata mteja.

Akaniambia, "Mum alifariki mwezi wa tatu. Simu yake nakaa nayo mimi. Nimeamka nikakuta mnamtakia miaka mingi zaidi."

Andazi lilinikwama kooni.

Sasa, wengi wenu mnanijua kama yule jamaa wa njia za mkato. Mimi ndiye niliwaambia hapa hapa kwamba kutengeneza posti mia tatu kwa dakika moja ni pesa rahisi. Leo nimerudi kuyameza maneno yangu. Si yote. Nusu.

Vile hii kitu hufanya kazi

Kwa wale hawajawahi kujaribu: unachukua orodha, iwe ya Excel ama Google Sheets. Kila mtu ana mstari wake. Kila safu ina kitu kimoja: jina, tarehe, mtaa, picha. Unaihifadhi kama faili ya CSV, ambayo ni maneno tu yaliyotenganishwa na koma. Halafu unaingia Canva, unachora kadi moja safi, unafungua pale pameandikwa Bulk Create, unaingiza data yako na kuielekeza: hapa weka jina, hapa weka tarehe, hapa weka picha. Unabonyeza. Ukienda kuchukua maji ya kunywa ukirudi, kadi ziko tayari.

Na si uchawi mpya. Makatibu wa ofisi walikuwa wanafanya hivyo na barua za Word kabla wengi wetu hatujazaliwa. Barua ni moja, majina mia mbili, na kila mzazi anadhani mwalimu mkuu ameketi akamwandikia yeye. Ile SMS ya benki inayoanza na jina lako ni mjukuu wa barua hiyo. Hata ile Spotify Wrapped mnayojaza kwa status kila Desemba ni ukoo huo huo: muundo mmoja, data ya kila mtu, na kila mtu anahisi ameonekana.

Nguvu yake iko hapo. Mtu akipata posti yenye jina lake, haoni kama anasambaza tangazo lako. Anajisambaza yeye mwenyewe. Ndiyo maana wateja wanaipenda, na ndiyo maana imenilipia kodi ya nyumba. Timu ya mtaa Kaptembwo ikitaka posta ya kila mchezaji kabla ya fainali, inapata usiku huo huo. Kanisa la Lanet likitaka kadi ya kila mtoto wa Sunday school, inapatikana. Jamaa zetu wakihitimu Egerton pale Njoro, darasa zima linapata posta, hata yule ambaye kwao hakuna mtu wa kumlipia moja. Zamani nilikuwa nachora moja moja, usiku mzima, bando inaisha saa sita na bado wachezaji kumi hawajafikiwa. Nani alibaki nje? Wale wa benchi. Sasa kipa wa akiba anapata posta sawa na ya mfungaji mabao. Hiyo mimi naiita haki, na siiachi.

Kwa hivyo sijakuja kukwambia utupe kifaa. Nimekuja kukwambia muda kilichokuokolea si wako wote. Sehemu yake ni ya wale watu walio kwa orodha.

Mashine haiijui Nakuru

Tuanze na makosa madogo, juu haya nimeyafanya yote.

Orodha ya Nakuru ni Kenya nzima kwa ukurasa mmoja. Utapata Ng'ang'a, Ng'etich, Nyang'au na Chepng'eno wamefuatana. Sasa hifadhi hiyo faili vibaya, uone vile kile kialama cha juu kinageuka takataka. Nilishatoa posta ya mchezaji ameandikwa "Ngâ€™etich". Jamaa alinitumia ujumbe mmoja tu: "Bro, hii ni password?" Nilicheka, lakini fikiria: posta ya kwanza maishani mwako, na jina la babako limeandikwa kama password.

Kuna tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, mwezi baadaye. Kompyuta nyingi zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Kwa hivyo 4/3 kwako ni tarehe nne Machi, kwake ni tarehe tatu Aprili. Ubaya ni kwamba 25/3 haiwezi kugeuka, kwa hivyo nusu ya orodha inakaa sawa na nusu inadanganya, na wewe umeangalia ile nusu iliyo sawa.

Kuna namba za simu. Excel ikiona 07 mwanzoni inaona sifuri ya bure, inaitupa. Na kuna ile kubwa ya kutisha: unapanga safu ya majina kwa alfabeti, unasahau kushika safu zingine. Majina yanahama, nyuso zinabaki. Njoroge anaamka na sura ya Achieng'.

Halafu kuna heshima. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Kwa Kiingereza lazima ujue mtu ni mume ama mke ndiyo useme "his" ama "her". Kwa Kiswahili unaandika "tunafurahia siku yake" na imeisha, mzee na msichana wote wamo. Lakini Kiswahili kinakudai mahali pengine. Huwezi kumwandikia mama wa miaka sabini "Niaje Wanjiru, leo ni siku yako!" Hapa kwetu huyo ni Mama, ama ni Shosh, ama ni Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hilo la serikali lililo kwa kitambulisho hakuna jirani hata mmoja analitumia. Safu ya "Jina" haina hiyo habari. Lazima mtu aulize.

Haya yote unaweza kuyarekebisha jioni moja. Lakini la yule mama halikuwa la namna hii.

Mstari uliokuwa unaongea

Baada ya ile simu nilifungua laptopu pale pale kibandani. Nikatafuta jina lake. Kila kitu kilikuwa sawa. Jina sawa, tarehe sawa, picha ni yake, anatabasamu na leso ya maua. Kompyuta haikuwa imekosea hata herufi moja. Ilifanya nilichoiambia.

Halafu nikafungua faili ya kwanza, ile sacco ilinitumia kabla sijaisafisha. Ilikuwa na safu nyingi sana ambazo sikuzihitaji: namba za kitambulisho, mikopo, michango ya kila mwezi. Mimi nilikuwa nimezifuta, juu hazina nafasi kwa kadi. Nikaangalia mstari wake. Januari amelipa. Februari amelipa. Machi amelipa. Aprili, tupu. Mei, tupu. Juni, tupu. Julai, tupu.

Mstari ulikuwa unaongea. Mama aliyelipa kila mwezi bila kuruka ghafla amenyamaza, na hakuna mtu aliyeuliza kwa nini. Wao hawakuuliza, na mimi ndiye nilifuta kimya chake ili kadi ipendeze.

Nilimpigia msichana jioni nikiwa nimejipanga. Nikamwambia, "Dada, poleni sana. Kosa ni langu, nimeitoa kila mahali." Akanisikiliza. Hakunitukana, na ningependelea anitukane. Akasema, "Tulimwambia yule wa kukusanya michango kwamba mum ametuacha. Hakuna mtu wa sacco alikuja mazishi. Hakuna hata SMS ya pole. Lakini kadi imefika saa kumi na mbili kamili."

Hiyo sentensi imekaa na mimi mwaka mzima.

Kwa sababu posti ya jumla haijifanyi. Ukiandika "Tunawatakia wanachama wetu wote siku njema", kila mtu anajua ni tangazo. Lakini ukiandika jina la mtu na picha yake na mwaka aliojiunga, umesema kitu kingine. Umesema: tunakujua, tumekukumbuka. Kama si kweli, basi umesema uongo, na umeusema mara 412. Wengi hawatawahi kugundua. Lakini kila orodha ina mtu ambaye kwake uongo huo utagonga mahali pana kidonda.

Na hiyo data ni ya nani?

Kuna swali lingine nilijiuliza usiku huo: kwani mimi nilikuwa nafanya nini na mikopo ya watu 412 kwa laptopu yangu? Nilihitaji jina, tarehe na picha. Nilitumiwa maisha yao ya kifedha kwa WhatsApp, na sikushtuka. Mngeshtuka? Kuweni wakweli.

Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Inamtambua yule anayeamua data itumike vipi, na pia yule anayeishughulikia kwa niaba yake. Huyo wa pili ni mimi na wewe. Sheria hiyo inasema data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kazi iliyotajwa, na data ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi ama mlezi.

Na si sheria ya kupamba kabati. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo ikatoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Picha tu, msee. Posti kama zile tunachapa kila wikendi.

Sasa fikiria kazi ya shule. Mwalimu anakutumia Excel ya watoto mia na ishirini: jina kamili, darasa, alama, picha. Anataka posta za hongera kufikia jioni. Ukibonyeza, kwa dakika moja umetengeneza kitu ambacho mgeni yeyote anaweza kusoma na kujua mtoto huyu anaitwa nani, anafanana vipi, na anapatikana wapi kila siku saa mbili asubuhi. Wazazi waliulizwa? Mara nyingi mwalimu anasema, "Hao watafurahi tu." Wengi watafurahi, ni kweli. Lakini kuna mama aliyemkimbia bwana mbaya, akahamia Free Area bila kumwambia mtu mahali yupo. Posta yako ya hongera ndiyo ramani.

"Lakini boss, mteja analipa elfu sita"

Najua mtasema nini, juu nilikuwa nasema hivyo.

Mtasema mteja ndiye mwenye orodha, makosa ni yake. Nusu ni kweli. Sacco ilinipa orodha chafu. Lakini fundi akiletewa simiti iliyoganda hajengi tu kwa sababu mwenye nyumba ndiye alinunua. Anasema, "Mzee, hii haishiki." Sisi tunataka kuitwa wataalamu siku ya kulipwa na vijana wa mkono siku ya makosa. Haiwezekani.

Mtasema maana ya kifaa ni kasi, na nikianza kuuliza maswali kasi inakufa. Hapana. Kuchora bado ni dakika moja. Kilichoongezeka ni kusoma. Orodha ya watu 400 ukiisoma jina kwa jina, polepole, ni jioni moja. Zamani ungechora wiki mbili. Bado umeokoa siku kumi na tatu. Unalilia ile moja?

Mtasema wateja hawatalipia kusoma. Hiyo ni ya ukweli, na sitawadanganya. Nimepoteza wateja wawili tangu nianze. Mmoja, mwenye shule, aliniambia, "Kijana, nimekuja kununua posta, sijaja mahakamani." Akaenda kwa mwingine, na posta zikatoka jioni hiyo, nikaziona. Nilikuwa nahitaji hiyo ganji. Mwezi huo nililipa nyumba kwa kukopa. Kwa hivyo nikisema haya sisemi kutoka kwa kiti cha starehe.

Lakini wengine walibaki, na wanalipa zaidi, kwa sababu sasa nauza kitu ambacho yule anayebonyeza tu hawezi kuuza.

Vile nafanya sasa

Kabla ya kupokea faili, natuma ujumbe: nitumie jina, tarehe na picha peke yake. Ukinitumia kingine nitakifuta na kukuomba utume upya.

Naongeza safu mbili zangu. Moja inaitwa "Aitwe vipi": Mama, Mzee, Mwalimu, Pasta, ama jina tu. Nyingine inaitwa "Amekubali". Pakiwa tupu, hakuna kadi. Kwa watoto, anayekubali ni mzazi, kwa maandishi.

Namuuliza mteja swali moja: mara ya mwisho mtu wa kwenu kuongea na hawa watu ni lini? Akibabaika, nasimama hapo.

Kabla ya kubonyeza zote, natoa tatu za majaribio: jina fupi kuliko yote, jina refu kuliko yote, na moja lenye ng'. Halafu nasoma orodha yote kwa sauti. Ndio, kwa sauti, jirani zangu wananiona chizi. Jicho linaruka, mdomo hauruki.

Na kazi ikiisha, nafuta faili. Kwa laptopu, kwa simu, kwa WhatsApp, kwa barua pepe. Data ya watu si akiba yangu.

Na ile sacco? Meneja aliniambia nitoe ile kadi moja tuendelee. Nilikataa. Nikamwambia nitazima zote mpaka mtu awapigie simu wale wote ambao michango yao ilikatika. Akakasirika. Lakini yule mama wa ofisini, katibu wao, alikuwa amekaa pale anasikia, akasema, "Mkubwa, acha nipige mimi." Alipiga siku nne. Akapata watatu wamefariki. Akapata mmoja amelazwa tangu mwezi wa tano. Akapata wengine waliokasirika na kitu cha zamani, na mmoja aliyeanza kulia kwa sababu tu mtu amempigia. Kadi zilizotoka mwishowe hazikufika 412. Sijui kama sacco ilipata wanachama wapya kwa hizo kadi. Najua katibu alienda na wenzake wawili kwa ule msichana, na unga na sukari, miezi mitano wakiwa wamechelewa.

Simu nne kwa saa, kwa mkono, na kifaa cha mia tatu kwa dakika kimezimwa. Hiyo ndiyo kazi pekee kwa huo mradi wote ambayo ilimfanya mtu ahisi anajulikana.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujabonyeza, fungua ile orodha uliyonayo. Soma majina kwa sauti. Tafuta mstari ulionyamaza. Halafu chukua simu.